UZI: Cessna 421 Golden Eagle, tangu 411 hadi tabaini. Presha ya kabini ilivyolazimisha ndege nzima ibadilike

Spana13 (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Kwenye uzi ule wa ndege ndogo za injini mbili kuna swali limejirudia mara nyingi: ndege ya pistoni yenye kabini ya presha (inayoshindiliwa hewa ili watu wapumue vizuri huko juu) ina ugumu gani hasa, mbona watu wanaiogopa? Majibu yamekuwa ya juu juu. Tuchukue ndege moja tuifuate tangu mzizi wake, na inayofaa kuliko zote kwa kazi hii ni Cessna 421.

Mzizi uko Wichita, Kansas. Cessna walishakuwa na 310, injini mbili, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 3 Januari 1953. Ndege ilipendwa, ila kabini yake ilikuwa finyu, unapanda kwa kukanyaga bawa. Wenye kampuni Marekani walitaka ndege ya kupanda kwa ngazi, upite katikati ya viti, ukae mkabala na mwenzako muongee kazi. Tarehe 18 Julai 1962 ikaruka 411. Kabini ya watu 6 hadi 8, mlango wa ngazi nyuma ya bawa, injini mbili za Continental GTSIO-520-C zenye nguvu za farasi 340 kila moja. Wateja wakaanza kukabidhiwa mwaka 1964.

411 haikuwa na presha, na hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Tabo (kifaa kinachoshindilia hewa ya injini) inaipeleka injini futi 20,000 bila taabu, lakini mtu aliyekaa kitini hawezi. Sheria za Marekani ziko wazi: presha ya kabini ikiwa sawa na ya futi zaidi ya 12,500 kwa muda unaozidi dakika 30, rubani avute oksijeni, juu ya 14,000 aivute muda wote, juu ya 15,000 kila abiria apatiwe. Kwa hiyo unanunua ndege yenye uwezo wa kupita juu ya mawingu ya mvua, kisha abiria wako wanakaa na barakoa usoni saa tatu.

421 ndiyo jibu. Iliruka tarehe 14 Oktoba 1965, FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) wakaipitisha tarehe 1 Mei 1967. Ukiitazama kwa mbali unaona 411 ileile. Ukiigusa ni nyingine: mwili umejengwa upya ubebe presha, injini ni GTSIO-520-D ya nguvu za farasi 375, na uzito wa kuruka umepanda kutoka pauni 6,500 hadi 6,800 (kilo 3,084).

Nguvu za farasi 35 zaidi kila upande si za kasi tu. Hewa ya kushindilia kabini inatoka kwenye tabo, tabo inapata nguvu yake kwenye moshi wa injini, na mwili uliokazwa ubebe presha ni mzito zaidi. Kila kitu kinachofuata kwenye historia ya ndege hii, iwe bawa, matangi au injini ya tabaini (isiyo na pistoni) ya mwishoni, kinarudi kwenye hesabu hiyo. Karibuni tuongeze nyama.

---

Alitimita

Uzi mzuri mkuu. Niongeze hesabu ya presha, maana watu hutaja namba bila kujua zinafanya nini.

Kabini ya 421 ya kwanza ilibeba tofauti ya presha ya pauni 4.2 kwa inchi ya mraba. 421B ikapanda hadi 4.4. 421C ikafika takriban 5.0. Tofauti hii ni kati ya ndani na nje. Sasa hewa ya kawaida futi 20,000 ina pauni 6.75. Ongeza 4.2 unapata 10.95, na hiyo ndiyo presha ya futi 8,000. Yaani ndege iko 20,000, abiria wanapumua kama wako futi 8,000. Kwa 421C yenye 5.0, futi 8,000 hizohizo unazipata ukiwa karibu futi 23,000.

Linganisha na Cessna P337, ile ya injini moja mbele na moja nyuma, iliyokuja na presha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yake ilikuwa 3.35 tu. Futi 20,000 kabini inakaa kama 10,000. Mtu mzima mwenye afya hana shida, lakini ukiwa na mgonjwa au mzee futi hizo 2,000 zina maana kubwa.

Halafu tazama mzigo wenyewe. Chukua dirisha la duara lenye kipenyo cha inchi 12. Eneo lake ni inchi za mraba 113. Zidisha kwa 5 unapata pauni 565, kilo zaidi ya 250, zinalisukuma dirisha moja kwenda nje, kisha zinaachia, kisha zinasukuma tena, kila safari. Ndiyo maana madirisha yanapewa umbo la yai au duara bila pembe: ufa wa chuma hupenda kuanzia kwenye kona. Na ndiyo maana hilo dirisha la akriliki halisafishwi kwa petroli, asetoni wala dawa ya vioo vya nyumba. Linaingia vijistari kama nywele, na kila kijistari ni mwanzo wa ufa. Sabuni laini, maji mengi, kitambaa cha pamba. Basi.

---

Mwanafunzi_Anga

Wakuu naomba kufafanuliwa. Hizo herufi GTSIO zina maana gani, na kwa nini injini ya ndege iwekewe gia wakati nyingi hazina? Nasikia gia ndiyo sifa mbaya ya 421.

---

Hanga Na. 4

Karibu mdogo wangu. G ni gia. T na S zinasema hewa inashindiliwa kwa tabo. I ni mafuta kupulizwa kwa nozeli badala ya kabureta. O ni silinda kulala mkabala, tatu huku tatu kule. 520 ni ujazo kwa inchi za ujazo, kama lita 8.5.

Sasa gia. Nguvu ya injini ni msukumo wa pistoni mara idadi ya mizunguko. Ukitaka nguvu nyingi bila kuongeza ujazo, izungushe kwa kasi zaidi. GTSIO-520 ya 421 za mwanzo inatoa farasi 375 krenkishafti (shafti inayozungushwa na pistoni) ikizunguka mara 3,400 kwa dakika. Lakini propela yake ina kipenyo cha inchi 90, yaani futi 7 na nusu. Ukiizungusha 3,400, ncha ya pangaboi inakwenda futi 1,335 kwa sekunde, na sauti usawa wa bahari inakwenda kama 1,116. Ncha ikipita kasi ya sauti inapiga kelele na kupoteza nguvu bure. Kwa hiyo wakaweka giaboksi ya uwiano wa 0.667: krenkishafti 3,400, propela kama 2,270. Ncha inashuka hadi futi 890 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana 421 ikipita juu inavuma taratibu, na ndani watu wanaongea bila kupaza sauti. Utulivu huo uliuza ndege nyingi.

Sifa mbaya inatoka kwenye matumizi. Meno ya gia yameundwa injini iisukume propela. Rubani akivuta nguvu zote ghafla akiwa kwenye kasi, upepo unaigeuza propela kuwa kinu: sasa propela ndiyo inaisukuma injini. Meno yanahama upande, yanagonga, yanarudi, yanagonga tena. Wakati huohuo zile timazi ndogo za uzito zinazoning'inia kwenye krenkishafti kumeza mtikisiko zinapoteza mpangilio wake. Haziharibiki siku hiyo. Zinaharibika saa 300 mbele, mikononi mwa mwenye ndege mwingine, halafu inasemwa injini ni mbovu.

Kanuni wanayofuata wanaozitunza: presha ya manifoldi (ya hewa inayoingia kwenye silinda, hupimwa kwa inchi za zebaki) ishushwe polepole, inchi 1 kwa dakika au taratibu zaidi, na isiachwe ianguke chini ya inchi 20 hivi mpaka uwe umeshaikaribia njia ya kutua. Safarini mizunguko ya propela hukaa chini, kama 1,800, na presha ya manifoldi juu kidogo. Kwenye injini isiyo na gia ungeogopa kufanya hivyo. Hapa krenkishafti bado inazunguka 2,700, kwa hiyo injini haibanwi.

---

Dada Propela

Hanga Na. 4 umeeleza vizuri kaka. Niongeze sehemu moja watu wanaisahau: adapta ya stata (kiungo cha gia kati ya mota ya kuwashia na injini). Kwenye GTSIO-520 gia yake ina kizuia mtikisiko chenye majimaji mazito ndani. Kikizeeka yale majimaji yanaganda, hakimezi tena mtikisiko, na meno ya gia ya krenkishafti yanaanza kulika. Likafika mahali FAA wakatoa agizo mwaka 2005 la kukagua adapta hizi.

Dalili ya kwanza mara nyingi ni injini kutetemeka bila sababu unayoiona. Plagi nzima, magneto (kitoa umeme wa cheche) nzima, nozeli safi, na bado inatetemeka. Hapo usiendelee kuruka ukisema itapona. Fungua adapta, angalia meno, pima kizuia mtikisiko. Na filta ya oili kila unapobadilisha oili ikatwe kwa kikata makopo, karatasi ya ndani itandazwe juu ya taulo jeupe, ipitishwe sumaku. Vipande vya chuma vinavyoshikwa na sumaku vinatoka kwenye gia au kwenye kamshafti. Vinavyong'aa na kukataa sumaku ni alumini ya pistoni au beringi. Taarifa hiyo moja inakuambia uanzie wapi kutafuta.

Injini za mwisho, aina ya N kwenye 421C, ziliongezewa muda hadi saa 1,600 kabla ya kufumuliwa. Wenye mkono laini wanafika. Wenye kuvuta na kusukuma kama lori wanabadilisha silinda katikati.

---

Bawa la Kusi

Mbona hamjasema matangi? Yale mabomu ya ncha za mabawa kwenye 421 za zamani si ndiyo matangi ya akiba?

---

Spana13

Hapana mkuu, na hilo kosa limewahi kuzima injini za watu angani. Kwenye 421, 421A na 421B matangi ya ncha ya bawa ndiyo MAKUU. Ndani ya bawa ndiko kuna matangi ya ziada, na wengine wana mengine nyuma ya injini, kwenye vyumba vya mizigo.

Sababu ya kuyaelewa ni hii. Mfumo wa kupuliza mafuta wa Continental unavuta mafuta mengi kuliko injini inavyokula. Yanayobaki pamoja na mvuke yanarudishwa, na yanarudishwa kwenye tangi kuu peke yake, hata kama wakati huo unavuta kutoka tangi la ziada. Ukiruka tangi kuu likiwa limejaa ukabadili mapema kwenda la ziada, mafuta yanayorudi yanakosa pa kukaa na yanamwagika nje kupitia tundu la kupumulia. Geji ya tangi la ziada inashuka haraka kuliko hesabu yako, na hujui mafuta yamekwenda wapi. Ndiyo maana kitabu kinataka uanze na makuu kwa dakika 60, au 90 kwa ndege zenye ujazo mkubwa wa ziada, ndipo uhamie. Na kutua ni kwa makuu, siku zote.

Tangi la ncha lilikuwa na kazi nyingine pia: uzito wa mafuta huko mwisho unapunguza mkunjo wa bawa kwenye kiungio chake na mwili. Lakini uzito huohuo unaifanya ndege iwe nzito kuanza kujiviringisha na nzito kuacha. Kwenye hewa iliyochafuka inayumba kama ngalawa yenye mizigo pande zote mbili.

421C ya mwaka wa modeli 1976 ikafuta yote haya. Matangi ya ncha yakaondoka. Bawa likawa tangi lenyewe: mabati yameunganishwa kwa gundi ya kiwandani pamoja na ribiti chache, hakuna mfuko wa mpira ndani. Kila upande galoni 103 zinazotumika, jumla 206, karibu lita 780, swichi moja kila upande. Kwangu mimi hayo ndiyo maendeleo makubwa kuliko yote kwenye ndege hii, kuliko hata presha kupanda hadi 5.0, kwa sababu yaliondoa kosa ambalo binadamu alikuwa analifanya kila mara.

Bei yake: bawa la gundi likivuja halivuliwi kama mpira. Unafuata doa la buluu chini ya bawa (petroli ya 100LL ina rangi), ila doa linaweza kutokea mbali na tundu lenyewe, maana mafuta yanatambaa ndani ya kiungio. Unalimwaga tangi, unafungua vifuniko vya ukaguzi, unakwangua sili ya zamani mpaka chuma safi, ndipo unapaka mpya. Kupaka mpya juu ya ya zamani ni kujidanganya.

---

Mwanafunzi_Anga

Asanteni sana. Na 421B iko wapi kwenye hadithi hii? Na Cessna 414 na 340 ni ndugu zake?

---

Alitimita

421A ilikuwa marekebisho madogo, pauni 6,840. 421B ya 1970 ndiyo iliyopewa jina Golden Eagle na kuongezewa bawa kwa futi 2 kwa jumla, pua ikarefushwa inchi 28 ipate chumba cha mizigo na vyombo vya redio. Uzito ukapanda hadi pauni 7,450, kilo 3,379, na 421C ikabaki hapohapo. Bawa refu ni la huko juu, hewa nyembamba inataka eneo.

414 ni binamu: mwili wa 421 wenye presha, bawa la 401/402, na injini za TSIO-520 zisizo na gia, farasi 310. Ilikusudiwa kwa mtu anayetaka kabini ile bila giaboksi. Unapoteza nguvu, unapata injini rahisi kutunza. 414A ya 1978 ikarithi bawa la gundi la 421C na presha ya 5.0. 340 ni ndogo zaidi, viti 6, iliyofika sokoni mwishoni mwa 1971 baada ya kucheleweshwa na kuanguka kwa ndege ya majaribio mwaka 1970. Ilianza na farasi 285, 340A ikaja na 310.

Na washindani walikuwepo. Beechcraft Duke iliruka Desemba 1966 na kupitishwa Februari 1968: injini za Lycoming TIO-541 za farasi 380 bila gia, presha pauni 4.6, ndege nzuri ya kutazama kuliko zote hizi. Lakini injini yake haikutumika karibu popote pengine, kwa hiyo vipuri vikawa ghali, na mkia wake una mabati ya magnesiamu yanayoliwa na unyevu. Piper nao walikuwa na PA-31P yenye injini za gia za farasi 425. Ted Smith, aliyebuni Aero Commander, akatoa Aerostar 601P, yenye kasi kuliko zote lakini kabini ya kubana.

421 ilishinda kwa kabini na utulivu. Zilijengwa zaidi ya 1,900. Jeshi la anga la New Zealand lilinunua 421C 3 mwaka 1981 za kubebea viongozi.

---

Bawa la Kusi

Nimeelewa mambo ya matangi, shukrani Spana13. Sasa nieleweshwe njia ya hewa yenyewe ya kabini. Inatoka kwenye tabo, haileti moshi wa injini ndani?

---

Hanga Na. 4

Swali zuri mkuu, maana wengi wanachanganya. Tabo ina magurudumu mawili kwenye shafti moja. Moja linasukumwa na moshi wa ekzosi. La pili, upande mwingine wa ukuta, linashindilia hewa safi. Kabini inachukua kutoka upande safi tu. Lakini kati yao kuna beringi inayolainishwa kwa oili, na sili ya upande wa hewa ikichoka oili inaingia. Kwa hiyo harufu ya oili ya moto kabini isidharauliwe: tabo inakuomba kufunguliwa.

Kutoka kwenye tabo hewa inapita kwenye koo jembamba. Ndani ya koo hilo hewa inafika kasi ya sauti, na ikifika hapo haiwezi kupita zaidi hata ukivuta vipi. Hii ni kinga: hozi ya kabini ikikatika, injini haiporwi hewa yake yote. Halafu inapozwa kwa hewa ya nje, maana ikitoka kwenye tabo inaunguza, inapita vali kwenye ukuta wa moto (ule unaokinga ndege na moto wa injini), inaingia ndani. Joto likitakiwa kuna hita ya petroli puani.

Presha yenyewe haisimamiwi kwa kuingiza. Inasimamiwa kwa kutoa. Nyuma, kwenye ukuta wa presha, kuna vali mbili. Moja inajifungua na kujifunga kulingana na futi ulizochagua kwenye kidhibiti. Ya pili ni ya usalama, inaachia kama ya kwanza imekwama, na inaachia kila kitu ndege ikiwa chini.

Ndiyo maana kushusha nguvu ghafla kuna adhabu mbili kwenye ndege hii. Gia zinagonga, na tabo inapunguza hewa, kabini inaanza kupanda (presha yake inapungua) wakati ndege inashuka. Watoto wanalia kwa masikio. Tuseme unakwenda Wilson, Nairobi, uwanja wa futi 5,500 na kidogo, ukiwa 20,000. Ukishuka futi 500 kwa dakika ni dakika 29. Kwa kasi ya noti 200 (maili za anga 200 kwa saa) unaanza kushuka ukiwa karibu maili za anga 97 kabla ya kufika. Katika dakika hizo kabini inatakiwa kutoka 8,000 hadi 5,500 tu, chini ya futi 90 kwa dakika, abiria hata hajui. Na nguvu inashuka inchi 1 kila dakika mbili. Mpango wa masikio na mpango wa giaboksi ni mmoja.

---

Dada Propela

Tukiwa hapo tusiiache ekzosi. Kwenye Cessna zote za injini mbili zenye tabo hili ndilo linaloua. Bomba la moshi ni jekundu kwa joto, lina viungio vinavyotakiwa kuteleza bomba likirefuka. Kiungio kikiganda kwa kutu, bomba linatanuka bila nafasi na kupasuka pembeni. Moto unaotoka hapo ni kama wa kuchomelea, na mbele yake kuna ukuta wa moto, mabomba ya mafuta, na mihimili inayoshika injini.

Agizo la FAA namba 2000-01-16 ni la jambo hili. Ukaguzi wa macho kila saa 50, na sehemu nyingine kuvuliwa na kupimwa. Anayekagua atafute vumbi jeupe au la kijivu karibu na viungio (moshi unatokea hapo), rangi iliyobabuka kwenye ukuta wa moto, bomba lililovimba. Shika bomba likiwa limepoa kabisa, jaribu kulizungusha kwenye kiungio. Lisipocheza hata kidogo, limeganda. Na klampu zisikazwe kwa kubahatisha, zina kipimo chake.

Jambo jingine ni magneto. Huko juu hewa ni nyembamba na cheche inaruka ndani ya magneto badala ya kwenda kwenye plagi, kwa hiyo magneto za ndege hizi nazo zinapewa hewa ya presha. Ikija na unyevu inaleta kutu ndani. Injini inayofanya kazi vizuri chini kisha inakohoa ikipita futi 15,000, anzia kwenye mrija huo na filta yake kabla hujagusa mafuta.

---

Mwanafunzi_Anga

Na mwisho wake ulikuwaje? Kwa nini waliacha kuijenga kama ilipendwa hivi?

---

Spana13

Kuna sababu mbili.

Ya kwanza iko ndani ya Cessna wenyewe. Septemba 1978 waliirusha 425: mwili wa 421C ukavuliwa pistoni na kuvishwa injini za tabaini za Pratt & Whitney PT6A-112, nguvu za farasi 450 kila upande. Wateja walianza kuipata Novemba 1980, kwanza kwa jina Corsair, baadaye Conquest I. Tabaini haina hofu ya kuvutwa nguvu ghafla kama GTSIO. Hewa ya kabini inachotwa kwenye kompresa ya injini yenyewe, ipo ya kutosha. Kampuni ya Riley nayo ilikuwa ikibadilisha 421 za wateja kuwa za tabaini. Mwenye pesa za 421C mpya alikuwa anaiona ngazi inayofuata pale pale.

Beechcraft walikuwa wameliona hili mapema kuliko wote. King Air 90 iliruka Januari 1964, karibu miaka miwili kabla ya 421, ikiwa na presha na PT6 tangu siku ya kwanza. Leo King Air zinajengwa bado.

Ya pili ni soko na mahakama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mauzo ya ndege ndogo Marekani yalianguka, na gharama za kesi dhidi ya watengenezaji zikapanda. 421C ilikoma 1985. Mwaka uliofuata Cessna wakasimamisha ndege za pistoni. Sheria ya 1994 iliyoweka ukomo wa miaka 18 kwa kesi za aina hiyo ikawarudisha Cessna kazini, kiwandani Independence, Kansas, mwaka 1996, lakini kwa injini moja tu. 421 haikurudi.

Kwa huku kwetu kuna la tatu ambalo halikuwahusu Wichita: petroli ya ndege. Jet A-1 unaipata kwenye viwanja vingi, 100LL unaipangia safari. Ndege inayotaka galoni 206 za 100LL ni mzigo hata kama injini zake ni nzima.

---

Bawa la Kusi

Swali la mwisho wakuu. Mtu akiletewa 421C ya kununua na anaambiwa presha inashika vizuri, anahakikishaje bila kutegemea maneno ya muuzaji?

---

Hanga Na. 4

Mkuu, kuna njia ya chini na ya juu, fanya zote.

Chini: injini zimezimwa, kabini imefungwa, mashine ya kushindilia hewa inaunganishwa, kidhibiti kinasimamia presha isipite kipimo cha kitabu. Hapa asikae mtu ndani kufanya kazi nyingine, na mlango usiguswe mpaka geji isome sifuri. Mtu anazunguka nje na chupa ya maji ya sabuni. Pa kuanzia ni sili ya mlango, kisha mlango wa dharura, kisha pale kebo za usukani na za mkia zinapotoboa ukuta wa presha: kuna vibuti vya mpira pale, vikikauka vinapasuka kama ngozi ya ng'onda. Kisha vali mbili za nyuma. Ndege iliyobebea wavutaji sigara miaka mingi ina utando wa kahawia kwenye kiti cha vali, vali haikai sawa.

Juu: panda 20,000, acha kabini itulie. Kisha funga hewa ya injini moja. Injini moja inatakiwa iweze kushika kabini. Kabini ikianza kupanda, rudisha hewa, jaribu upande wa pili. Upande mmoja ukishika na wa pili usishike, tatizo si mlango. Ni vali ya kuzuia hewa kurudi, hozi, au tabo ya upande ule. Pande zote zikishindwa, rudi chini na chupa ya sabuni, anza na mlango.